Kidole Pembeni mwa Picha

Jumatatu, 16 Februari

Picha zimefika! Tangu wiki iliyopita nilikuwa nafungua kompyuta kila nikipita — hakuna kitu. Leo hata koti sijavua, Manzi, kijana wetu wa programu, ananiambia kutoka mezani kwake kwamba za kisiwani zimeingia. Nikakaa taratibu. Nikajifanya sina haraka.

Trei za sambaza kavu, wale dagaa wetu wa ziwani, moja baada ya nyingine, zimepigwa chini ya taa, na pembeni kikadi cheupe. Kamera inapimia rangi kwa kile kikadi: ikishajua cheupe ni kipi, inajua na ule umanjano wa samaki anayeanza kuharibika. Anayeshika kikadi ni Gentil. Kwa hiyo kila picha ina kidole gumba chake.

Uso hakuna, sauti hakuna. Kidole tu, pembeni mwa samaki.

Ile alama nyeusi kwenye kucha bado ipo. Injini ya mtumbwi ilimgonga siku zile za kwanza alipofika kisiwani, Idjwi. Aliniambia kwenye simu, akacheka, akasema damu imelala chini ya kucha kama wino. Hiyo ilikuwa Januari, simu bado zinapita. Sasa mnara wa kule umekufa, na mitumbwi ya watu imekatazwa ziwani. Mizigo tu. Sambaza zinapakiwa kisiwani, zinashushwa Goma pamoja na memori kadi ya picha. Anastase, wakala wetu pale Goma, anatutumia picha, na lori la Mjomba Mudathiru linavusha magunia mpaka huku Gisenyi.

Samaki wanavuka. Mume wangu hapana.

Alienda kuwafundisha kina mama wanaokausha jinsi ya kupiga picha. Wiki chache, alisema.

Bon. Kidole kiko pale. Yuko mzima. Kwa leo inatosha.


Ijumaa, 20 Februari

Tumefunga. Mchana ni mrefu mtu akiwa na mawazo.

Kazini leo nimecheka mpaka machozi. Kazi yangu ni kuifundisha mashine: nachora mduara penye kuvu, penye mchanga, penye samaki aliyekatika, mpaka ijifunze kuona yenyewe na kutoa rangi — kijani nzuri, njano kausheni tena, nyekundu tupeni. Sasa leo imekichorea mduara kidole cha Gentil! Imeandika: samaki mkubwa, ameoza. Nyekundu!

Manzi hakucheka. Amekulia Uganda, ana adabu nyingi na Kiswahili kidogo. Akasema, "Dada Nadra, hiyo kidole inachanganya mashine. Nitaikata kwa picha zote."

Kicheko kikaniishia hapo hapo. Nikamwambia sawa, kata. Halafu nikasema: lakini usikate zote. Akaniuliza kwa nini. Nikaangalia kibodi. Akarudi kwenye kiti chake.

Jioni kabla ya kutoka ameniita. Kumbe amepanga hivi: mashine inapata picha zilizokatwa, na mimi kwenye skrini yangu napata picha nzima. Mungu ambariki huyu kijana.

Nyumbani Mama alikuwa ameshachemsha uji. Adhana ikalia. Nilikunywa, nikaona kikombe cha Gentil kimetundikwa msumarini, nikakigeuza kitazame ukuta.


Jumapili, 22 Februari

Anga safi. Nimeshuka ziwani. Kisiwa kinaonekana, mstari wa bluu tu, kama mtu kapitisha kidole kwenye kioo chenye mvuke. Watoto wanaogelea. Watu wanapiga picha za harusi.

Nimesimama mpaka miguu ikauma.


Jumatano, 25 Februari

Picha mpya. Kijani karibu zote. Wanakausha vizuri siku hizi, kina mama wa kule, juu ya nyavu na si chini. Huo ni mkono wa Gentil. Alikuwa anasema kwamba mashine haimponyi samaki, inamsema tu. Ukitaka kijani anza kwenye nyavu.

Alama kwenye kucha imepanda. Januari ilikuwa chini kabisa, karibu na nyama. Sasa imevuka katikati. Kucha inakua, siku zinakwenda. Nimejiambia ikifika juu akaikata, atakuwa amekuja. Mambo ya kitoto! Lakini nani ananisikia?

Nawaza vidole vingine. Mashine haina haja navyo, basi havipigwi picha. Nawaza shingo yake kwa nyuma, pale nywele zinapoanza. Nimeolewa miaka miwili tu, na nimeanza kumkumbuka vipande vipande.


Jumanne, 3 Machi

Hakuna picha. Mjomba Mudathiru amerudi kutoka Goma lori tupu. Nilimkimbilia mlangoni pa depo kama mtoto.

"Mwanangu," akasema, "mutumbwi ya kisiwani haijafika. Upepo iko mingi kule ziwani. Ngoja kidogo."

Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyetoka kule, aliyemwona.

"Mi sijaona mutu. Anastase naye anasema atanipigia simu. Njo hivyo tu."

Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, na mikono haikuwa na uchafu wowote.


Jumamosi, 7 Machi

Bado. Mama anasema *ihangane*, vumilia. Jirani anasema ihangane. Muuza mkaa naye, ihangane! Neno limekuwa kama kokoto mdomoni.

Mukamurenzi, perezida wa koperative yetu, amenung'unika leo. Shule za Nyakiriba na Kanama zinangoja unga wa sambaza wa kutia kwenye uji wa watoto. Amempigia Anastase mbele yetu, kwa ukali. Anastase akaahidi: Jumatatu, lazima.


Jumatatu, 9 Machi

Zimekuja! Zimekuja, zimekuja!

Trei nyingi, zote kijani. Na kidole kipo, kimeshika kikadi. Nilikiona tu nikafunga macho kwanza, kama mtu aliyekunywa maji baridi haraka. Manzi akanyoosha dole gumba juu kutoka kule alikokaa, anacheka. Mukamurenzi akatuambia lori litavuka kesho asubuhi na mchana magunia yawe njiani kwenda kusagwa. Yakiwa kijani kutoka kule, hapa tunapima trei moja tu ya juu, tunaachilia. Utaratibu ndio huo.

Sikuangalia kila picha vizuri. Nilikuwa na haraka ya kwenda kumwambia Mama.

Tumefuturu kwa ndizi na maharage, nikala kama mtu aliyerudi safari. Mama akasema, "Leo unaona chumvi." Kumbe siku zote hizi alikuwa ananiangalia.


Jumanne, 10 Machi

Niandike polepole.

Nilifika depo mapema kabla ya wengine. Nilitaka tu kukiona kidole tena. Sikuwa natafuta kosa. Nilifungua picha ya kwanza, nikaikuza.

Alama iko chini. Chini kabisa, karibu na nyama.

Sikuelewa. Mwezi uliopita ilikuwa imeshavuka katikati. Kucha hairudi nyuma! Nikawaza: ameumia tena, pale pale. Inawezekana. Mtu wa injini huumia. Nikajishika na wazo hilo. Halafu, sijui ni nini kilinisukuma, nikafungua picha za Januari.

Trei ile ile. Kwenye kona kuna sambaza mmoja aliyejikunja kama ndoano, na chini yake wawili waliopishana. Ile ya jana imegeuzwa kichwa chini miguu juu, imetiwa giza kidogo, imeandikwa tarehe mpya. Nikafungua ya pili. Ya tatu. Zote ni za Januari.

Nilisikia lori linapiga honi getini.

Nitaandika kila kitu kwa sababu hapa ni kwangu. Nilikaa. Nilikaa muda bila kusema. Kwa sababu nikinyamaza, Gentil yuko kisiwani, jana tu alishika kikadi, ni mzima. Nikisema, sijui yuko wapi. Nilikuwa naweza kuacha kile kidole kiendelee kuishi pale pembeni. Nani angejua? Vijana walikuwa wameshaanza kushusha magunia, nawasikia wanahesabiana kwa kuimba.

Halafu nikawasikia wanasema lile lori dogo la kinu limeshafika, na kwamba mzigo wa Nyakiriba upakiwe kwanza. Nikakumbuka watoto wa shule ile tulipoenda kuonja uji pamoja, mimi na Gentil. Kuna binti alikilamba kikombe chake chote mpaka pua ikaingia ndani.

Nikamwita Manzi. Nilimwonyesha kwa kidole tu. Akaleta kiti, akakaa, akaweka picha mbili, moja juu ya nyingine. Akasema kwa Kiingereza neno ambalo halisemwi wakati wa mfungo. Akakimbia nje.

Magunia yakafunguliwa. Juu sambaza nzuri, zinang'aa kama fedha. Mukamurenzi akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Za chini zimeshikana mabonge, zina ubichi na kuvu ya kijani, na harufu kali ya dawa ya kuulia inzi, dawa ya kupulizia! Manzi akazipanga chini ya kamera. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Zile zilizopuliziwa dawa lakini hazijapata kuvu, kamera ikasema njano. Dawa haioni. Mukamurenzi akasema pua yake inaona, akaagiza lori zima lifungwe na ofisi ya wilaya iitwe.

Mjomba Mudathiru alisimama kando ya lori lake, mikono kichwani. "Mi nimebeba sumu," akawa anasema. "Wallahi mi sikujua. Nimebeba sumu ya watoto."

Mukamurenzi akaniuliza nimejuaje. Nikasema: kucha. Hakuelewa, nikamweleza. Alinishika bega, akaniangalia, na ndipo mawazo yake nayo yakafika pale nilipokuwa nimeshafika mimi.

"Donc yeye iko wapi?" akauliza taratibu.

Ndiyo. Hilo.


Jumatano, 11 Machi

Sikwenda kazini. Mama amelala chini, kando ya kitanda changu, kwenye mkeka, kama nilipokuwa mdogo na homa.


Alhamisi, 12 Machi

Mjomba amevuka kwenda Goma bila mzigo, kwa nauli yake, kumtafuta Anastase. Amerudi alasiri. Nilikuwa nimekaa barazani. Nilijua kabla hajazima gari, kwa jinsi alivyokaa ndani bila kushuka.

Naandika alivyosema.

Anastase alijificha kwanza, mke wake akasema hayupo. Mjomba akakaa mlangoni. Mwishowe akatoka, akaanza kulia. Kwamba mitumbwi ya kisiwani imekatika tangu mwanzo wa mwezi huu. Kwamba aliogopa koperative itamwacha, itafute wakala mwingine, na ana watoto. Akanunua sambaza za watu waliokausha kwenye mvua, akatia nzuri juu. Picha alikuwa nazo za zamani.

"Nikamuliza, na Gentil?" akasema Mjomba. "Njo akainamisha kichwa."

Anastase alisikia kwa askari wa doria waliotoka kule: mtumbwi wa mwisho wa mizigo ulitoka Idjwi Jumapili, tarehe moja Machi. Gentil alimwomba mwenye mtumbwi, akamwomba sana, mpaka akaruhusiwa kukaa katikati ya magunia na wenzake wachache. Alisema hawezi kungoja tena. Alisema mke wake amefunga, anataka afike nyumbani kabla mfungo haujaisha.

Mtumbwi haukufika Goma.

Nilimuuliza Mjomba kama Anastase alijua hayo alipotuma zile picha.

"Alijua, mwanangu."

Alijua. Alijua mtumbwi umepotea na mume wangu ndani, akakaa, akachagua picha, akakigeuza kidole chake kichwa chini, akanitumia. Na mimi nikaenda nyumbani nikala!

Mama alitaka kuanza kulia ile sauti ya msiba. Nikamzuia. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi: "Hapana! Mtu hajaonekana, hajafa!" Akaziba mdomo kwa kanga.


Ijumaa, 13 Machi

Manzi alikuja mpaka hapa nyumbani, amevaa shati la kanisani. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Ameniambia amebadilisha programu, sasa inakumbuka kila trei iliyowahi kuona, haiwezi kudanganywa kwa picha ya zamani. Na kwamba kila gunia litafunguliwa mpaka chini, na kunuswa. Nikasema vizuri. Kisha akatoa simu, akauliza kama nataka anitolee picha zote za Gentil, nzima, azichape kwenye karatasi.

Nikasema si sasa. Akaelewa. Mama akampa chai, akainywa upesi, ikiwa ya moto vile vile.

Nimekwenda ziwani. Mawingu. Kisiwa hakionekani.


Jumapili, 15 Machi

Simu! Mjomba ana rafiki dereva anayepeleka simenti Karongi, kule kusini, mwambao huu huu wa ziwa. Huyu rafiki amesikia kwa wavuvi: siku chache baada ya tarehe moja walikuta mtumbwi mkubwa unaelea bila injini, magunia yamelowa, na watu ndani yake. Wakauvuta mpaka pwani. Watu wakachukuliwa, kwa sababu hawakuwa na vitambulisho. Wamewekwa mahali, wanaangaliwa ni nani na wametoka wapi.

Wangapi? Hajui. Wazima? Wengine walikuwa hoi kabisa, wengine wanatembea. Majina? Hajui!

Nilipiga simu kwenye ofisi ya kule. Mwanamke ananijibu kwa Kinyarwanda kizuri, mpole kabisa: majina hayatolewi kwa simu, uje na kitambulisho na cheti cha ndoa. Nikamwambia niambie tu kama kuna mmoja mrefu, mwenye ndevu kidogo. Akasema, "Ihangane, mama."

Safari hii neno lile halikunikera. Nilimshukuru.

Mjomba anasema Jumanne lori lake liko huru.


Jumanne, 17 Machi

Karongi. Naandika kwenye paja, nimekaa kwenye ukuta mfupi mbele ya geti. Alasiri. Jua kali.

Tumetoka kwetu alfajiri. Barabara inazunguka vilima, ziwa linajitokeza, linajificha. Mjomba hakuwasha redio. Amefunga kama mimi, midomo imemkauka, na kila tukipita kona ananiambia jina la kijiji, kama mtu anayemtembeza mgeni. Mama alinifungia kitenge, shati la Gentil na viatu. "Ukirudi navyo," akasema, kisha hakumaliza.

Geti la bluu. Ndani nyumba ndefu ya bati, nguo zimeanikwa uani. Mlinzi ni kijana mwenye miwani. Alichukua kitambulisho changu na cheti, akavisoma mbele nyuma. Akasema mkubwa wake ametoka, yeye hana ruhusa ya kuingiza mtu. Mjomba akaanza kumsihi. Mlinzi akasema anaelewa, mzee, anaelewa, lakini hana ruhusa.

Nikasikia sauti za wanaume kule ndani wanazungumza Kiswahili cha Goma. Mmoja anakohoa. Nikasikiliza. Kikohozi hakina mwenyewe, kila mtu hukohoa hivyo hivyo.

Nikamwomba mlinzi: usiniingize. Nenda tu kasimame mlangoni, useme mke wa Gentil yuko nje. Basi. Akafikiri. Akaenda.

Amekaa huko muda. Amerudi mpaka katikati ya uwanja, hakufika getini, akaniita kutoka kule kule: kuna mtu anauliza, huyo mke wa Gentil, jina lake ni nani?

Nikasimama. Nikasema, "Nadra!" Nilisema kwa nguvu ili ifike ndani bila yeye. Nikarudia. Mlinzi akageuka, akaingia tena.

Sasa nawaza. Kama ni yeye, kwa nini aulize jina? Jina langu analijua. Labda ni mwenzake wa mtumbwini, amepewa maneno ya kumfikishia Nadra na si mwingine. Au ni yeye, hataki kuamini, anaogopa wamemletea mke wa Gentil mwingine. Na mimi ningeuliza. Wallahi na mimi ningeuliza kwanza.

Mjomba ameshuka kwenye lori. Ameshika viatu vile, kimoja kila mkono, hajui kama anavishika.

Mlango unafunguliwa. Mlinzi anatoka, anamshika mtu mkono, au ni mtu anayemshika yeye, jua liko machoni mwangu, sioni vi—